Kuisuka upya moduli ya chuo kwa msaada wa akili unde: mwongozo kamili kwa mkufunzi mwenzangu

Swali la mtihani wa moduli yangu ya uvunaji wa maji ya mvua lilikuwa hivi. Nyumba iko Chamwino, mkoani Dodoma, paa lake la bati lina eneo la mita za mraba 60, mvua ya mwaka ni milimita 550, na katika kila lita 10 zinazoanguka juu ya bati, lita 8 ndizo zinazofika kwenye tanki. Familia itavuna maji kiasi gani kwa mwaka? Wanachuo wengi walizidisha vizuri: 60 mara 550 mara 0.8, wakapata 26,400. Kisha mbele ya namba hiyo wakaandika "mita za ujazo".

Bwawa la kuogelea la Olimpiki huchukua mita za ujazo 2,500 hivi. Jibu lao lilikuwa linajaza mabwawa kumi kutoka kwenye paa la nyumba moja ndogo, na hakuna aliyeshtuka. Jibu sahihi ni lita 26,400, kwa sababu milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Familia ya watu sita inayotumia dumu moja la lita 20 kwa kila mtu kwa siku ingekaa na maji hayo siku 220. Kiangazi chetu, tangu Mei hadi mwisho wa Novemba, kina siku 214. Hesabu hiyo moja inabeba maisha ya kaya nzima, na vijana waliokuwa wanakaribia kupelekwa vijijini kuwa maafisa hawakuiona.

Kilichoniuma zaidi ni ukurasa wa nyuma yake. Wanachuo walewale walikuwa wametaja faida saba za uvunaji wa maji ya mvua bila kukosea hata moja. Walijua kutaja, maana kutaja ndiko nilikokuwa nimewafundisha.

Nilitumia akili unde, ambayo wengine tunaiita akili mnemba, kutafuta mahali moduli yangu ilipopinda. Sikuiambia iniandikie moduli mpya. Niliipa nyaraka zangu izisome zote kwa pamoja, kazi ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuketi na kuifanya. Ninaeleza hapa njia niliyopita, na kama unafundisha ngazi ya stashahada au shahada, utaweza kuifuata kwa somo lako lolote. Programu yoyote ya aina hii inatosha: ChatGPT, Gemini, Claude au Copilot. Matoleo ya bure yana kikomo cha matumizi kwa siku, kwa hiyo gawa kazi yako kwa siku nne au tano badala ya kutaka kuimaliza usiku mmoja.

Kabla ya kufungua programu

Chagua moduli moja tu. Ukianza na programu nzima ya masomo yenye moduli arobaini, utapata maneno mengi ya jumla na hutabadilisha kitu. Chukua ile ambayo sapu zake, yaani mitihani ya marudio, ni nyingi, au ile ambayo wewe mwenyewe ukiifundisha unahisi darasa limelala.

Kisha kusanya vitu vitano: mtaala uliopitishwa, mpango wako wa wiki kwa wiki, mitihani ya miaka mitatu iliyopita, kitini unachowapa wanachuo, na kumbukumbu ya makosa yao. Hiki cha mwisho ndicho chenye thamani kuliko vyote, na ndicho walimu wengi tunakitupa. Tukimaliza kusahihisha tunajaza alama na kufunga bahasha. Safari nyingine ukisahihisha, weka karatasi pembeni. Kila kosa linalojirudia liandike kwa sentensi moja, na mbele yake weka vijiti vya kuhesabia. Mimi nilipata makosa kumi na moja yaliyojirudia. Hayo ndiyo yaliyoipa programu kitu halisi cha kushika.

Hapa kuna jambo la kisheria la kuzingatia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na majina, namba za usajili na alama za wanachuo ni taarifa binafsi. Usipakie orodha ya matokeo. Usipige picha ya kijitabu cha majibu chenye jina ukakituma. Andika makosa kwa maneno yako, bila kuonyesha ni ya nani. Mtihani ambao bado haujafanyika usiuguse kabisa.

Vilevile ujue mipaka ya mamlaka yako. Matokeo ya kujifunza, idadi ya krediti na mgawanyo wa alama vimepitishwa na vikao vya chuo, na nyuma yake ipo NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, au TCU, tume ya vyuo vikuu. Hivyo huvibadilishi peke yako mezani. Lakini mpangilio wa wiki, mifano, mazoezi, asaimenti, kazi za uwandani na namna ya kueleza viko mikononi mwako, na humo ndimo moduli nyingi zinamoharibikia.

Hatua ya kwanza: ieleze ulipo

Programu hizi zimesoma mengi ya Marekani na Ulaya kuliko ya Dodoma. Usipoeleza mazingira yako, itadhani kila mwanachuo ana kompyuta mpakato na intaneti isiyokatika. Agizo langu la kwanza lilikuwa hili, nawe libadilishe kulingana na darasa lako:

"Mimi ni mkufunzi wa stashahada mjini Dodoma. Moduli inahusu uvunaji wa maji ya mvua na hifadhi ya udongo, krediti 10, muhula wa wiki 15. Darasa lina wanachuo 90, wengi wameingia na cheti cha kidato cha nne, wanasomea kwenye simu, na bando lao ni dogo. Projekta ninaipata siku moja kwa wiki. Mvua hapa ina msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Usipendekeze kitu kinachohitaji maabara au kompyuta kwa kila mtu. Usiandike moduli mpya. Soma nyaraka nitakazokupa, kisha niulize maswali yasiyozidi sita kuhusu mambo usiyoyaelewa."

Sentensi mbili za mwisho ndizo muhimu. Ukiiacha programu iende yenyewe, itakukimbilia na moduli mpya yenye vichwa vya kupendeza kabla haijajua tatizo lako. Ukiilazimisha iulize, inakurudisha wewe kwenye kufikiri. Katika maswali sita niliyoulizwa, matano yalikuwa ya kawaida. La sita liliuliza wanachuo wanafanya hesabu za ujazo mara ngapi darasani kabla ya kukutana nazo kwenye mtihani. Nilipofungua mpango wangu wa wiki kutafuta jibu, nikakuta ni mara moja, wiki ya kumi na tatu, dakika za mwisho za kipindi.

Ingiza nyaraka moja moja, na kila moja uitambulishe: "Huu ni mtaala," "Huu ni mtihani wa mwaka juzi." Kama nyaraka zako ni skani hafifu, chapa upya sehemu unazozihitaji, kwa sababu skani mbaya husomwa vibaya na wewe hutajulishwa. NotebookLM ya Google inafaa kwa hatua hii, kwani hujibu kwa kutumia nyaraka ulizoipa na kukuonyesha sehemu ilikotoa kila jibu.

Hatua ya pili: jedwali la ulinganifu

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu kati ya hizi, fanya hii.

Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake walipanga malengo ya kujifunza kwa ngazi, tangu kukumbuka hadi kutathmini, na tangu hapo vitenzi kama "kutaja", "kukokotoa" na "kusanifu" vimekuwa vikiandikwa kwenye kila mtaala. Miaka 40 baadaye John Biggs, aliyefundisha Hong Kong na Australia, alieleza kwa uwazi jambo linaloonekana dogo: kitenzi kilichoahidiwa kwenye mtaala ndicho mwanachuo anachopaswa kukifanyia mazoezi darasani, na ndicho kinachopaswa kupimwa. Vitu hivyo vitatu vikienda njia tofauti, mwanachuo hufuata mtihani na kuacha vingine. Hilo tunalijua sote, ndiyo maana pasti pepa na madesa, yaani mitihani ya zamani na muhtasari wa kupeana, vinasomwa kuliko kitini.

Agizo ni hili:

"Tengeneza jedwali lenye safu nne. Safu ya kwanza: kila tokeo la kujifunza kama lilivyo kwenye mtaala, bila kubadilisha neno. Ya pili: kitenzi chake. Ya tatu: zoezi la darasani au la uwandani linalompa mwanachuo nafasi ya kufanya kitenzi hicho, ukitaja wiki. Ya nne: swali la mtihani linalokipima, ukitaja mwaka na namba ya swali. Pasipo na kitu, andika HAKUNA. Usijaze kwa kubahatisha."

Neno HAKUNA lisikose. Programu hizi zina tabia ya kutaka kuridhisha, na chumba kitupu kwenye jedwali huzishawishi kujaza. Mara ya kwanza nilisahau neno hilo, na nikaletewa zoezi la uwandani la wiki ya saba ambalo halikuwahi kuwepo, limeelezwa vizuri kabisa. Kwa hiyo jedwali likishatoka, chukua vyumba vitano popote, fungua nyaraka zako na uhakiki kwa macho. Kimoja kikiwa cha kubuni, hakiki vyote.

Jedwali langu lilinionyesha mambo matatu. Tokeo la kukokotoa lilipimwa kila mwaka, lakini mazoezi yake yalikuwa kile kipindi kimoja cha wiki ya kumi na tatu. Tokeo la kusanifu mfumo mdogo wa kuvuna maji halikuwa na zoezi wala swali, HAKUNA na HAKUNA, miaka mitatu mfululizo. Na maswali ya kutaja na kueleza yalibeba zaidi ya nusu ya alama zote, ingawa mtaala uliyataja kwenye matokeo mawili tu. Nilikaa kimya mbele ya skrini kwa muda. Moduli ile nilikuwa nimeifundisha miaka minne.

Baada ya hapo ingiza ile orodha ya makosa na uagize: "Kwa kila kosa, onyesha ni tokeo gani limeguswa, na toa sababu mbili zinazoweza kulisababisha: moja upande wa ufundishaji, moja upande wa maarifa ya awali ya mwanachuo. Usilaumu uvivu." Sentensi ya mwisho niliiongeza kwa makusudi, kwa sababu uvivu ni maelezo yasiyonipa la kufanya Jumatatu asubuhi. Kuhusu lita na mita za ujazo, programu ilisema huenda wanachuo hawajawahi kushika vipimo hivyo kwa mikono. Nilipowauliza, karibu wote walijua dumu la lita 20, na hakuna aliyewahi kuliona boksi la mita moja kwa mita moja kwa mita moja na kuambiwa kwamba humo yanaingia madumu 50.

Sasa naanza muhula kwa kamba na vijiti nje ya darasa. Tunasimamisha hilo boksi, wanasimama ndani yake. Inachukua dakika kumi.

Hatua ya tatu: hesabu ya saa

Kwa utaratibu wetu krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani na za kujisomea. Moduli ya krediti 10 basi ni saa 100. Vipindi vya saa tatu kwa wiki 15 vinakula 45, kazi ya uwandani 15, zinabaki 40 kwa kujisomea, asaimenti, majaribio na mtihani.

Iagize programu ikadirie muda wa kila kitu ulichowapangia, kisha jumlisha mwenyewe kwa kikokotoo, maana ina kawaida ya kukosea kujumlisha. Kitini changu kilikuwa na kurasa 180 za Kiingereza cha kitaalamu. Kwa mwendo wa kurasa 10 kwa saa, kukisoma mara moja tu ni saa 18, karibu nusu ya muda wote uliobaki. Nilikipunguza hadi kurasa 70. Kuchagua cha kukata nilifanya mwenyewe, wala sishauri uiachie programu, kwa sababu haijui ni ukurasa upi uliwahi kumfumbua mtu macho.

Uwe macho pia na mapendekezo ya nyongeza. Kila ukiomba maoni utaletewa mada mpya: mabadiliko ya tabianchi, jinsia, ramani za setilaiti, ujasiriamali. Zote ni njema, na zote zinataka saa. Niliweka sharti kwamba kila pendekezo la kuongeza kitu litaje kitu cha kuondoa chenye saa zilezile.

Hatua ya nne: irudishe moduli nyumbani

Hapa akili unde ni dhaifu kuliko kwingine kote, na mkufunzi wa kwetu ana nguvu kuliko programu yoyote.

Licha ya kuiambia mapema kwamba tuna msimu mmoja wa mvua, nilipoomba kalenda ya kazi za uwandani iliniandikia vuli na masika. Hiyo ni kalenda ya Dar es Salaam, Tanga na Moshi. Dodoma mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, jumla milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na kati ya Januari na Februari hupita majuma ya ukame yanayoua mtama shambani. Mwanachuo aliyefundishwa kwa kalenda ya pwani atamshauri mkulima wa Bahi apande wakati ambao hakuna tone.

Nilipoomba mfano wa mashimo ya kupandia yanayohifadhi maji, nikaletewa mashimo ya zai ya Burkina Faso. Mfano ni sahihi. Lakini mkoani hapahapa kipo kijiji cha Chololo, na mashimo ya Chololo yanajulikana kwa jina hilo kwa watafiti wa kilimo cha maeneo makavu. Nilipoomba historia ya hifadhi ya udongo Afrika Mashariki, nikapata aya ndefu kuhusu Machakos ya Kenya na hakuna hata mstari kuhusu Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka ili ardhi ipumzike. Mabonde yale bado yapo, wanachuo wanaweza kupanda basi wakayaone, na wazee ambao ng'ombe wao waliondolewa wengine wako hai na wana la kusema. Swali la kama uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa wafugaji ni somo la hifadhi lililo zito kuliko aya yoyote ya kitini.

Kwa hiyo geuza mwelekeo. Badala ya kuiomba mifano, ipe wewe. Keti na kalamu dakika ishirini uandike kila kitu cha eneo lako kinachogusa moduli: sehemu, mazao, desturi, miradi, majina ya kazi kama watu wanavyoyasema. Orodha yangu ilikuwa na HADO, Chololo, visima vya bonde la Makutupora vinavyonywesha jiji, kuberega, yaani kupanda bila kutifua kama wanavyofanya wakulima wengi wa Ugogo, Kisiki Hai ya kutunza machipukizi ya visiki ili miti irudi, mashamba ya zabibu, na makorongo ya Mpwapwa. Kisha agiza: "Panga vitu hivi kwenye wiki ambazo vinaweza kuwa mfano mkuu. Usiongeze maelezo ya ukweli kuhusu kitu chochote hapa. Kama unahitaji taarifa, niulize." Kupanga inaweza vizuri sana. Ukiruhusu ieleze Kisiki Hai kwa maneno yake, utapata maelezo laini yenye tarehe ambazo hakuna aliyeziandika popote.

Kila namba, mwaka na jina litakaloingia kwenye kitini lipitie mkononi mwako. Takwimu za mvua chukua Mamlaka ya Hali ya Hewa. Marejeo ya vitabu na makala yatafute moja moja maktaba, maana programu hizi hubuni marejeo yenye sura ya ukweli, na jina lako ndilo litakuwa juu ya kitini.

Hatua ya tano: lugha

Tunafundisha kwa Kiingereza watu ambao hufikiri, hubishana na kuota kwa Kiswahili, Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Sitaki kuzunguka hili: sehemu kubwa ya tunachokiita ugumu wa somo ni ugumu wa sentensi.

Chukua aya ngumu za kitini na uagize ziandikwe kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, istilahi zikibaki zilivyo. Kazi hii akili unde inaifanya vizuri na inaokoa majuma ya mkufunzi. Kisha omba faharasa ya istilahi 40 za moduli pamoja na maana ya Kiswahili, na hapo ushike kalamu nyekundu. Kiswahili chake cha kitaalamu kina mapengo. Maneno ambayo bwana shamba yeyote wa Kongwa anayajua, kama makinga maji, fanya juu na fanya chini, ambayo ni majina ya matuta na mifereji ya kuzuia maji yasikimbie na udongo, hupotea, na mahali pake huwekwa tafsiri ya neno kwa neno isiyotumiwa na mtu. Mimi nilimpa faharasa dada mmoja aliyewahi kuwa afisa ugani kwa miaka mingi, akaisoma kwa sauti na kusahihisha karibu theluthi yake. Wanachuo wanayo kwenye simu, kurasa tatu.

Hatua ya sita: tathmini ambayo simu haiwezi kuifanya peke yake

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, asaimenti ya "eleza faida na changamoto" imekufa. Mwanachuo anaipata kwa dakika mbili. Wakufunzi wengine wamekimbilia programu za kugundua maandishi ya mashine, nami nawasihi wasizitegemee. OpenAI wenyewe, watengenezaji wa ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu haikuwa na usahihi wa kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima programu saba za namna hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine ilhali ziliandikwa na binadamu. Hao wanafanana na wanachuo wetu. Kumtuhumu kijana wa Manyoni kwa sababu Kiingereza chake kimenyooka ni kumwonea.

Njia bora ni kuijaribu asaimenti yako kabla ya kuitoa. Ibandike kwenye programu, iambie ijibu, kisha sahihisha jibu lake kwa mwongozo wako wa alama. Ikipata 70, asaimenti hiyo haipimi mwanachuo. Ibadilishe, ijaribu tena. Yangu niliibadilisha mara nne hadi ikawa hivi:

Kikundi cha watu sita kinachagua jengo moja ndani ya jiji au kijiji cha jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kinapima paa kwa futi kamba na kuchora. Kinamuuliza mama au baba mwenye nyumba anatumia madumu mangapi kwa siku, na kiangazi maji anayapata wapi na kwa bei gani. Kinakokotoa maji yanayoweza kuvunwa na ukubwa wa tanki, kisha kinamweleza mwenye nyumba kwa Kiswahili, na kuandika alichopinga. Mwishoni kila mmoja wa kikundi anasimama dakika tano mbele yangu na kujibu maswali mawili kuhusu namba zao. Kutumia akili unde kwenye kuandika ripoti kunaruhusiwa, mradi waeleze waliitumia wapi.

Wanachuo 90 kwa dakika tano kila mmoja ni saa saba na nusu. Ni nyingi, najua. Nilizipata kwa kufuta insha mbili nilizokuwa nasahihisha zamani, ambazo zilikuwa zinanila zaidi ya saa hizo.

Kwa mwongozo wa alama, ipe programu asaimenti na tokeo la kujifunza, uombe vigezo vinne kwa ngazi nne, kila ngazi ieleze kinachoonekana kwenye kazi ya mwanachuo. Kataa maneno kama "vizuri sana" na "wastani". Unataka "amebadilisha lita kuwa mita za ujazo na kueleza kwa nini tanki la ukubwa huo linatosha au halitoshi".

Hatua ya saba: darasa la majaribio

Kabla ya muhula, iagize programu ijifanye mwanachuo. Eleza kwa makini ni nani: ana alama D ya hisabati kidato cha nne, anaelewa Kiingereza kwa kusoma polepole, hakuhudhuria wiki ya pili. Mpe maelekezo ya asaimenti na umwambie aeleze, kwa nafsi ya kwanza, ni wapi anakwama na anadhani anatakiwa kufanya nini. Mimi niligundua kwamba neno "eneo la paa" halisemi kama ni eneo la bati lenyewe lililoinama au la ardhi linalofunikwa na paa. Ni la ardhi. Kosa hilo lingekuwa langu, na wangelipia wao.

Baada ya hapo tafuta wanachuo watatu halisi waliofanya moduli mwaka uliopita, mmoja aliyefaulu vizuri, mmoja wa kati, mmoja aliyepata sapu, uwanunulie chai na chapati na uwape maelekezo yaleyale. Watakwambia mambo ambayo mashine haikuyaona, hasa kuhusu nauli, usalama wa wasichana wanapokwenda uwandani jioni, na ukweli kwamba futi kamba chuoni ziko mbili.

Hatua ya nane: mwenzako, mkuu wa idara, na faili

Mpelekee mkufunzi mwenzako mpango mpya pamoja na lile jedwali, ukurasa mmoja tu wa maelezo juu yake. Kama kuna badiliko linalogusa mtaala wenyewe, kwa mfano kitenzi cha tokeo, liandike pembeni kama pendekezo la mapitio yajayo, na jedwali liwe ushahidi wako. Vikao husikiliza jedwali lenye HAKUNA miaka mitatu mfululizo kuliko malalamiko. Mweleze mkuu wa idara waziwazi kwamba umetumia akili unde na uliitumia wapi. Ukificha, wanachuo nao watajifunza kuficha.

Hifadhi maagizo yako yote kwenye faili moja, kila agizo na sentensi ya ulichokikubali na ulichokikataa, maana siku ukihamishwa, atakayepokea moduli ataanzia hapo. Kila Ijumaa ya muhula ongeza mistari mitatu: kipindi kilichokwenda, kilichokwama, na swali lililoulizwa ambalo hukulitegemea. Muhula ukiisha, mistari hiyo na orodha mpya ya makosa ndivyo utakavyoviingiza kwanza kwenye programu, kabla hujagusa kitu kingine.

Katika faili langu mstari wa mwisho ni wa binti mmoja aliyepima paa la bibi yake huko Mvumi. Aliuliza: kama hesabu inasema tanki liwe la lita 25,000 na bibi ana fedha ya lita 2,000, tumfundishe nini? Swali hilo haliko kwenye mtaala. Nimelitengea wiki ya kumi.